Vipimo vya kujipima nyumbani: bei imeshuka, soko bado gumu

KIPIMO cha kujipima virusi vya Ukimwi kilichoingia madukani Marekani mwaka 2012 kwa takriban dola 40 kilianza kuuzwa kwa nchi maskini kwa dola 2 mwaka 2017. Mwaka 2022 kipimo kingine, kilichotengenezwa China, kikatangazwa kwa bei ya kiwandani ya dola 1. Ni bidhaa chache za afya ambazo bei yake imeporomoka kwa kasi hiyo.

Kwa desturi ya Kariakoo, bidhaa ikishuka bei namna hiyo haichukui muda kujaa madukani. Ndivyo ilivyokuwa kwa simu za mkononi, na ndivyo ilivyokuwa kwa taa za sola. Katoni hushushwa Msimbazi asubuhi, na jioni mzigo uko njiani kwenda Mbeya, Lusaka au Lubumbashi. Lakini vipimo vya kujipima magonjwa ya kuambukiza havikufuata njia hiyo. Havikugeuka kuwa bidhaa ya kawaida ya maduka ya jumla ya dawa ya Mchafukoge na mitaa jirani, na mfanyabiashara anayeagiza mzigo wake wa kwanza kwa kutazama bei ya kiwandani peke yake anaweza kuusubiri mtaji wake kwa muda mrefu.

Sababu zinajulikana na zinaweza kuhesabiwa. Kwanza ni sheria, ambayo ilichelewa. Pili ni mpinzani anayegawa bidhaa ile ile bure. Tatu ni tarehe ya kuisha muda iliyopigwa kwenye kila boksi. Nne, na hii ndiyo nzito kuliko zote, ni kwamba bidhaa hii ikikosea, anayeumia ni mteja kwa mwili wake na muuzaji kwa jina lake.

BIDHAA YENYEWE

Kwa mtu aliyewahi kuuza kipimo cha ujauzito, kipimo cha kujipima Ukimwi au malaria si kitu kigeni. Ufundi ni mmoja. Ndani ya kaseti ya plastiki kuna kipande cha utando unaonyonya majimaji kama karatasi ya wino. Tone la damu au majimaji ya fizi husafiri juu ya utando huo na kubeba chembe ndogo zenye rangi, aghalabu za dhahabu. Kinachotafutwa kikiwemo, chembe hizo hunaswa mahali fulani na mstari hujitokeza. Mstari wa pili huonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi.

Kipimo cha ujauzito cha aina hii kiliingia sokoni Uingereza mwaka 1988 kwa jina la Clearblue, kikitengenezwa na kampuni ya Unipath iliyokuwa chini ya Unilever. Tangu hapo ufundi huo umeigwa dunia nzima, na viwanda vya China, India na Korea Kusini vimeufanya uwe wa bei nafuu sana.

Ugumu kwa mtengenezaji hauko kwenye plastiki. Uko kwenye utando, ambao hutengenezwa na kampuni chache tu duniani, kwenye protini zinazonasa ugonjwa, na kwenye kuhakikisha kila toleo linafanana na lililotangulia. Uko pia kwenye kumfanya mtu asiye na mafunzo yoyote afuate maelekezo akiwa peke yake chumbani. Kipimo cha OraQuick cha majimaji ya fizi, kwa mfano, kinatakiwa kusomwa baada ya dakika 20 na kabla ya dakika 40 kupita. Anayesoma baada ya dakika 5 au anayekisahau mpaka asubuhi hana majibu ya kutegemea. Maabara ina fundi wa kulizuia kosa hilo. Nyumbani kuna karatasi ya maelekezo tu, na ikiwa imeandikwa kwa lugha asiyoisoma mteja, basi hakuna hata hiyo.

MAREKANI WALIANZA, WAKAKWAMA

Wanaodhani ugumu wa soko hili ni wa nchi maskini watazame historia ya Marekani. Mwaka 1996 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliruhusu vifaa vya kwanza vya kuchukua damu nyumbani kwa ajili ya kupima Ukimwi. Mteja alijitoboa kidole, akadondosha damu kwenye kadi, akaituma maabara kwa posta na kupewa majibu kwa simu. Kimoja kiliitwa Confide na kilikuwa cha kampuni tanzu ya Johnson & Johnson, jina ambalo halikuhitaji kujitambulisha kwa mlaji wa Marekani. Mwaka 1997, baada ya muda mfupi tu sokoni, Confide kiliondolewa kwa sababu wanunuzi walikuwa wachache.

Ilichukua miaka 16 tangu mwaka ule wa 1996 kabla ya kipimo cha kujipima na kusoma majibu mwenyewe kuruhusiwa. Ruhusa hiyo ilipewa OraQuick cha kampuni ya OraSure Technologies ya Pennsylvania, Julai 2012. Kipimo kiliwekwa kwenye rafu za maduka makubwa ya dawa na kutangazwa sana, lakini mauzo hayakufikia matarajio ya wenye kampuni. Dola 40 zilikuwa nyingi kwa vijana waliokihitaji zaidi, na wenye uwezo wa kulipa wengi hawakujiona wako hatarini.

Mlango mwingine ulifunguliwa na wafadhili. Mwaka 2015 shirika la Unitaid lilianza kugharamia mradi wa kujipima Ukimwi kusini mwa Afrika, ukianzia Malawi, Zambia na Zimbabwe. Desemba 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza kujipima. Julai 2017 OraQuick kiliidhinishwa na shirika hilo, na kwa msaada wa taasisi ya Bill na Melinda Gates bei ikawekwa dola 2 kwa nchi 50. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Kenya ilikuwa imezindua mpango wake wa kujipima.

Hapo ndipo soko la vipimo hivi lilipozaliwa barani Afrika. Lilizaliwa mikononi mwa wafadhili, na alama hiyo haijafutika mpaka leo.

SHERIA ILICHELEWA

Tanzania ilikuwa na kizuizi chake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 iliandikwa wakati ambapo kupima kulimaanisha kwenda kituoni, kupewa ushauri nasaha, kutolewa damu na mtaalamu na kupewa majibu uso kwa uso. Kujipima hakukuwa na nafasi katika utaratibu huo. Wakati majirani wanauza na kugawa vipimo, muuzaji wa Dar es Salaam aliyeviweka kwenye rafu alikuwa anatembea juu ya barafu nyembamba ya sheria.

Marekebisho yalipitishwa na Bunge Novemba 2019, Waziri wa Afya akiwa Ummy Mwalimu. Kujipima kuliruhusiwa, na umri wa kuridhia kupimwa bila idhini ya mzazi ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Mwaka huo huo iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa iligeuzwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na shughuli za chakula zikahamishiwa kwingine.

Kwa mfanyabiashara, kuruhusiwa kwa bidhaa na sheria si sawa na kuruhusiwa kwa boksi alilonalo. Kila aina ya kipimo huhitaji kusajiliwa. Mwagizaji huhitaji kibali cha kuingiza mzigo, na duka huhitaji kibali chake chini ya Baraza la Famasi. Usajili wa Tanzania haufuati mzigo ng'ambo ya mpaka. Mteja wa Zambia, Malawi, Komoro au Kongo anayenunua katoni Kariakoo atakutana na mamlaka nyingine Tunduma, Kasumulu, Moroni au Kasumbalesa, na huko kipimo hicho huenda hakimo kwenye orodha. Mfanyabiashara aliyezoea kuuza vitenge na vipuri kwa wateja hao asidhani vipimo vinasafiri kwa karatasi zile zile.

Malaria inaonyesha pengo la aina nyingine. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Songea mkoani Ruvuma mwaka 2003, yalisambaa nchini na kuwa mahali pa kwanza mgonjwa wa homa anapokwenda. Kwa miaka mingi maduka hayo yaliruhusiwa kuuza dawa mseto ya malaria lakini hayakuruhusiwa kumpima mteja. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitaka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Wakati huo huo mpango wa kimataifa wa kushusha bei ya dawa mseto madukani ukaanza. Dawa ikawa ya bei nafuu karibu kila mtaa, kipimo kikabaki zahanati.

Matokeo yake ni mteja aliyezoea kununua dawa bila kupima. Maambukizi ya malaria kwa watoto chini ya miaka 5 yalipungua kutoka asilimia 18 katika utafiti wa mwaka 2007 na 2008 hadi asilimia 8 mwaka 2022. Maana yake ni kwamba homa nyingi si malaria, na kipimo kina kazi ya kufanya. Lakini mteja mwenye shilingi elfu chache hujiuliza swali la kibiashara: ikiwa kipimo na dawa vinakaribiana bei, kwa nini alipe mara mbili? Ni swali ambalo tangazo halijibu kwa urahisi.

MPINZANI ANAYEGAWA BURE

Hakuna mfanyabiashara anayeweza kushindana na bei ya sifuri. Vipimo vingi vya kujipima Ukimwi vilivyoingia nchini vililipiwa na wafadhili, hasa mpango wa Ukimwi wa serikali ya Marekani ulioanza mwaka 2003 na Mfuko wa Dunia. Vilipita katika vituo vya afya na kwa wahudumu wa jamii, vikalengwa kwa watu wasiofika hospitali, wanaume kwanza. Kwa afya ya umma ni jambo jema lisilo na ubishi. Kwa soko la rejareja maana yake ni kwamba mteja amefundishwa kwamba kipimo hakilipiwi.

Ukubwa wa soko lenyewe unahitaji kutazamwa bila ushabiki. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi, yaani watu kama milioni 1.5. Kati yao asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Waliobaki bila kujua ni kama robo milioni, waliotawanyika nchi nzima. Ili kumpata mmoja wao, lazima wapimwe wengi wasio na virusi. Anayelipa kwa ajili ya hao wengi ndiye mwenye soko, na mpaka sasa mlipaji huyo hajawa mteja wa dukani.

Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Baadhi ya wafanyabiashara wanaweza kuona hapo nafasi: wa bure akiondoka, wa kuuza ataingia. Hesabu hiyo ina upande wa pili. Mfadhili ndiye aliyekuwa mnunuzi wa jumla wa dunia, na bei ya dola 1 au 2 ilitokana na oda zake za mamilioni ya vipimo. Mnunuzi huyo akipunguza oda, kiwanda hakina sababu ya kuendelea kumuuzia mwagizaji wa katoni 50 kwa bei ile ile. Pia kliniki zinazopokea wenye majibu ya mistari miwili ziliendeshwa kwa sehemu kubwa na fedha hizo hizo. Kipimo bila kliniki nyuma yake ni bidhaa iliyopoteza nusu ya thamani yake.

HESABU YA MZIGO MMOJA

Wahenga wa biashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua mfano wa mwagizaji anayeanza na vipimo 5,000 kwa dola 1.50 kila kimoja, yaani dola 7,500. Kwa dola ya shilingi 2,300, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwa miaka kadhaa hadi 2022, mzigo huo ni shilingi 17,250,000. Kwa dola ya shilingi 2,700, iliyofikiwa mwaka 2024, ni shilingi 20,250,000. Shilingi milioni 3 zimeondoka kabla katoni haijapanda ndege. Mwishoni mwa mwaka 2024 shilingi ilipanda tena thamani kwa ghafla, na aliyekuwa amenunua dola ghali akakuta mshindani anaagiza kwa bei nafuu.

Tuseme baada ya usafiri, ada za vibali, ushuru wa bandari au uwanja wa ndege na ghala, kila kipimo kimefika dukani kwa shilingi 5,500. Mtaji uliolala ni shilingi 27,500,000. Akiuza kwa jumla kwa shilingi 8,000, atahitaji kuuza vipimo 3,438 ili kurudisha fedha yake tu. Hiyo ni asilimia 69 ya mzigo. Faida yote iko kwenye vipimo 1,562 vya mwisho, na hivyo ndivyo vinavyokaribia kuisha muda.

Hapo ndipo tofauti na chaja ya simu inapoonekana. Chaja isiyouzika mwaka huu itauzwa mwaka ujao kwa bei ya hasara. Kipimo kilichopita tarehe yake hakiuziki kwa bei yoyote, na mwenye mali hulazimika kukiteketeza kwa utaratibu wa mamlaka na kwa gharama zake. Vipimo vingi hutoka kiwandani na maisha ya miezi 18 hadi 24. Miezi kadhaa huliwa na safari, ukaguzi na usajili, na wauzaji wa rejareja wa mikoani hukataa boksi lenye miezi michache iliyobaki.

Joto nalo lina sehemu yake. Vipimo vingi vinatakiwa kuwekwa kwenye nyuzi 2 hadi 30. Dar es Salaam ya Desemba hadi Machi hupita nyuzi 30 mchana, na chumba cha juu chenye paa la bati karibu na Kariakoo huzidi hapo. Kipimo kilichopikwa na joto hakibadiliki sura. Mstari wa kuthibitisha unaweza kujitokeza kama kawaida huku ule wa ugonjwa ukififia. Mwenye ghala bila kipimajoto hana njia ya kujua kama anauza mali nzima au mbovu.

JINA LA DUKA LIKO HATARINI

Swali ambalo mfanyabiashara hulikwepa ni hili: kipimo kikikosea, nani atarudi dukani?

Katika majaribio ya Marekani kabla ya idhini ya mwaka 2012, watu waliojipima wenyewe kwa OraQuick walikosa maambukizi mara 1 katika kila watu 12 waliokuwa nayo, na waliambiwa wanayo kimakosa mara 1 katika kila watu 5,000 wasiokuwa nayo. Hicho ni kipimo bora. Kwa watu wazima 1,000 wa Tanzania, ambao 44 kati yao wanaweza kuwa na virusi, kipimo hicho kingewakosa watu 3 au 4 na karibu kisingemsingizia mtu.

Sasa weka kipimo duni cha bei ya chini, chenye kusingizia watu 2 katika kila 100. Kati ya watu 956 wasio na virusi, 19 wataona mistari miwili. Hata kama walio na virusi 40 wataonekana, katika kila watu watatu wenye mistari miwili mmoja hana ugonjwa wowote. Ndoa, ajira na hata uhai wa watu hao vimewekwa rehani kwa tofauti ya senti chache kwenye bei ya jumla. Rahisi ghali, na hapa anayelipa si aliyenunua rahisi.

Ndiyo maana utaratibu wa kitaifa haukubali kipimo kimoja. Mistari miwili nyumbani ni ishara ya kwenda kituoni kuthibitishwa kwa vipimo vingine, na mstari mmoja haumhakikishii mtu aliyepata maambukizi wiki chache zilizopita, kwani mwili huchukua muda kabla ya kuonyesha. Muuzaji asiyeweza kumweleza mteja mambo hayo mawili kwa sauti ya chini na mahali penye staha hajawa tayari kuuza bidhaa hii. Kaunta nyingi za mjini, ambako wateja wanane wamebanana na kila mmoja anasikia anachoagiza mwenzake, hazikujengwa kwa biashara ya siri.

Malaria ina mtego wake. Vipimo vingi vya malaria hutafuta protini ya vimelea ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Anayejipima tena nyumbani baada ya kumaliza dozi anaweza kuona mstari na kununua dawa asiyoihitaji. Kwa upande mwingine, huko Eritrea na Ethiopia vimeonekana vimelea visivyotoa protini hiyo kabisa, na kipimo huvipita bila kuviona.

Hata chapa kubwa si kinga. Mwishoni mwa mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliondoa kipimo kimoja maarufu cha Ukimwi kutoka Korea Kusini, SD Bioline, kwenye orodha yake baada ya matoleo kushindwa ukaguzi, na mwanzoni mwa mwaka 2012 Kenya iliamuru kiondolewe kwenye vituo. Baadaye kilirudi na kutumika tena, Tanzania ikiwemo. Lakini mwenye shehena ya toleo lililokataliwa hakuwa na la kufanya. Mwaka 2020 shirika hilo lilionya juu ya boksi bandia za Uni-Gold, kipimo kingine kinachotumika nchini, zilizokutwa Guyana na Kenya. Bidhaa bandia hufuata chapa inayouzika, na Kariakoo inalijua hilo kuliko soko lolote la ukanda huu.

Imani ya umma nayo ni mali inayopotea upesi. Mei 2020 Rais John Magufuli alitangaza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa kwa siri maabara ya taifa zilitoa majibu ya kuwa na virusi vya korona. Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa kilitetea ubora wa vipimo. Mabishano yalipoisha, neno kipimo lilikuwa limepoteza uzito kwa watu wengi, na muuzaji yeyote wa vipimo vya aina yoyote alirithi shaka hiyo.

WENYE HISA WALIVYOPATA NA KUPOTEZA

Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hakuna kampuni inayotengeneza vipimo hivi, kwa hiyo mwekezaji mdogo wa hapa hana hisa za kununua. Wanaotafuta nafasi hiyo nje ya nchi wana mifano ya kutosha ya kujifunza.

Janga la korona lilifanya vipimo vya nyumbani viwe dhahabu kwa muda. Kampuni ya Lucira ya California ndiyo iliyopata ruhusa ya kwanza ya kipimo cha korona cha kutumia nyumbani Marekani, Novemba 2020, na Februari 2021 ikauza hisa zake kwa umma. Miaka miwili baadaye, Februari 22, 2023, iliomba ulinzi wa kufilisika. Siku mbili tu baada ya hapo ikapewa idhini ya kipimo cha nyumbani cha mafua na korona kwa pamoja, ambacho ilikuwa imekisubiri. Pfizer ilinunua mali zake kwa dola milioni 36.4.

Cue Health ya San Diego iliuza hisa Septemba 2021 kwa dola 16 kila moja na kukusanya dola milioni 200. Mei 2024 ilifunga milango na kuwaachisha kazi wafanyakazi wake. Ellume ya Australia ilipewa na serikali ya Marekani mkataba wa zaidi ya dola milioni 230 mapema mwaka 2021. Kabla mwaka haujaisha ililazimika kuwarudisha kiwandani zaidi ya vipimo milioni 2 vilivyosingizia watu ugonjwa, na mwaka 2022 ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi.

Kampuni hizo hazikukosa wataalamu wala mtaji. Zilikosa wateja wa kudumu. Kipimo cha ugonjwa wa mlipuko huuzwa kwa hofu, na hofu ikiisha ghala hubaki limejaa. Waliofaidika kwa muda mrefu ni wakubwa wenye bidhaa nyingi, kama Abbott, ambayo mwaka 2017 ilitumia zaidi ya dola bilioni 5 kuinunua Alere na kwa njia hiyo kupata chapa za Determine na SD Bioline kwa mkupuo mmoja.

PANAPOWEZA KUPATIKANA FAIDA

Pamoja na hayo yote, soko hili halijafa. Orodha ya bidhaa inaongezeka. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha kwanza cha kujipima homa ya ini aina ya C Julai 2024, na mwezi uliofuata Marekani ikaruhusu kipimo cha kwanza cha kaswende cha kutumia nyumbani. Kiwanda cha diaTROPIX cha Dakar, chini ya Taasisi ya Pasteur, kilianzishwa ili vipimo vitengenezwe Afrika. Mzigo wa karibu, ukifika kwa wingi, utapunguza miezi inayoliwa na safari.

Kwa mfanyabiashara wa Mchafukoge mwenye mtaji mdogo, hesabu zinaelekeza kwenye njia ya tahadhari. Kununua boksi chache kutoka kwa msambazaji aliyesajiliwa, mara kwa mara, kunapunguza faida kwa kila kipimo lakini kunamwachia mwingine hatari ya dola na ya tarehe. Kuangalia namba ya usajili na tarehe kabla ya kuangalia bei ni kazi ya dakika mbili. Mkataba unaomruhusu kurudisha boksi zilizobakiwa na miezi sita una thamani kuliko punguzo la asilimia 10. Kona ya faragha ndani ya duka, maelekezo ya Kiswahili na jina la kliniki ya karibu ya kumwelekeza mteja havigharimu kiasi kikubwa, na ndivyo vitakavyomrudisha mteja huyo kununua dawa nyingine.

Anayefikiria kontena asubiri kwanza jambo moja: kuona nani atalipia vipimo baada ya wafadhili kupunguza mkono. Serikali ikiamua kuvinunua kupitia Bohari ya Dawa, faida itakuwa kwa wenye uwezo wa zabuni kubwa. Ikiviacha kwa maduka, mteja wa mjini mwenye kipato atakuwa mnunuzi, na wa kijijini atakosa. Mpaka hilo litakapojulikana, bei ya dola 1 inabaki kuwa bei ya kiwandani, si bei ya soko.